Profesa wa Historia Akifa, Msimlilie kwa Sifa Tu

Kilio cha profesa hapa Lubumbashi kina utaratibu wake. Turubai zinafungwa, viti vya plastiki vinakodiwa, asistanti anasoma maisha ya marehemu kwa Kifaransa tangu shule ya msingi hadi profesa ordineri, kisha wanafunzi wa zamani wanasimama mmoja mmoja kusema kwamba Prof alikuwa baba. Wote wanasema baba. Watu wanatawanyika bila kusikia hata jambo moja ambalo huyo baba alilifanya.

Nimefiwa na mwalimu wangu wa historia, aliyesimamia memoire yangu (tasnifu ya kumalizia masomo) pale UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na mengine mengi baadaye. Nawaandikia ninyi ambao wenu bado wapo, maana kizazi kilichosoma wakati chuo kingali UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kabla ya 1981, ndicho kinachoondoka sasa.

Mkiwa bado kwenye kilio, okoteni visa. Prof ndiye aliyetufundisha, kwa wazee waliofanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa ukoloni. Ukimfuata mzee kule mitaa ya Kenya au Katuba, hapa hapa mjini, ukamwuliza zamani kulikuwaje, atakujibu kulikuwa kuzuri, posho ilitosha, basi. Prof alianzia kwenye matrikile. Mzee anaweza kuchanganya majina ya wajukuu, lakini namba yake ya kazi anaitaja hapo hapo. Kutoka kwenye matrikile walienda kwenye nyumba ya kambini, jirani wa mkono wa kushoto, nani alipika nini siku ya posho. Baada ya muda mzee anasimulia mambo ambayo hata watoto wake, waliosimama mlangoni, hawajawahi kuyasikia.

Nami nilimfanyia yeye hivyo hivyo. Niliwauliza watu: alikurudishia ukurasa gani? Alikulipia nini? Mligombana juu ya nini? Mwenzangu mmoja akaleta sura ya memoire yake, karatasi zimekuwa za manjano, na pembeni penseli ya Prof: "Nani amekuambia? Alikuwa amesimama wapi?" Kila ukurasa, maswali hayo hayo mawili. Kwangu hiyo inapita hotuba zote za siku ile, na yangu ikiwemo.

Visa vikigongana, viacheni vigongane. Kuna wanaosema Prof alikataa cheo serikalini, na kuna wanaosema alikitafuta akakikosa. Nimeandika yote mawili, pamoja na jina la msimulizi na alivyomjua Prof. Mjomba mmoja wa familia hakufurahi. Lakini Prof mwenyewe alikuwa akitutajia Desemba 1941, askari walipowafyatulia risasi wafanyakazi waliogoma, kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Wakoloni walitoa hesabu yao ya waliokufa, wazee wa mji wana yao, kubwa zaidi. Alitukataza kabisa kutafuta namba ya katikati.

Visa vinaweza kungoja wiki chache. Makaratasi hayangoji. Mvua za Novemba zikianza, nyumba inavuja. Au familia inahama, na rundo zima linaishia kwa mama wa karanga sokoni. Mama Prof, mjane wake, alituambia, "Bana yangu, mukamate yote, panya zilishakula mingi." Tukakamata, ila kwanza tulipiga picha kila rafu jinsi alivyoiacha, kabla mtu hajagusa kitu. Mpangilio wa mtu nao ni habari. Fishi zake, yaani kadi alizoandikia maelezo ya wazee, zilifungwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli, kila kifungu na mtaa wake, na kila fishi ina jina la mzee, tarehe na lugha waliyozungumza. Kama tungezipanga upya kwa alfabeti, mitaa hiyo yote ingepotea.

Kaseti msizijaribu kwenye redio ya jirani. Redio mbovu ikitafuna utepe, sauti ya yule mzee imekwisha duniani. Kuna mafundi wanaozihamishia kwenye kompyuta, lipeni. Picha nazo, andikeni majina nyuma kwa penseli, huku Mama yupo na anawakumbuka waliomo.

Kitabu cha kumbukumbu kiwe na Kiswahili, tena Kiswahili chetu. Mwaka 1965 André Yav alipiga chapa historia ya mji huu kwa Kiswahili cha hapa, kwa niaba ya waliokuwa maboyi wa wazungu, watu waliopika na kufua wakiwa wanatazama kila kitu. Prof alitusomea kwa sauti darasani, na wenzetu waliodhani historia inaandikwa kwa Kifaransa tu waliinamisha vichwa.

Suala gumu ni siri. Wazee walimwambia mambo ya wakati wa secession, Katanga ilipojitenga na Kongo, 1960 hadi 1963: nani alimwonyesha nani kwa askari. Watoto wa pande zote mbili bado wanakaa mji mmoja, wengine wanasali kanisa moja. Fishi hizo tumezitia bahasha ya peke yake, imefungwa, na familia pamoja na idara wataamua lini ifunguliwe. Msizipige picha za kuzungusha kwenye WhatsApp.

Pesa? Siku ya kumaliza kilio kila kikundi kinataka fulana yenye uso wa marehemu. Tuliomba nusu ya mchango huo, tukanunua diski mbili za kuwekea nakala: moja kwa Mama, moja kwa maktaba ya idara. Fulana zilitoka chache, za saizi kubwa tu, na manung'uniko bado yanaendelea.