Gitaa liache nyumbani kwanza

Juma lililopita kijana mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, alinisimamisha njiani. "Yaya" (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), "mimi ni wa rap. Nikiingia rock, wenzangu si wataniita msaliti?" Basi lilikuwa linaondoka, nikamjibu ovyoovyo. Ngoja nimjibu vizuri hapa.

Watakuita, ndiyo. Mimi nimeitwa hivyo, na nilistahili.

Ilikuwa kanisani. Gitaa nilifundishwa na kwaya, bure, kwenye chombo cha kwaya. Nilipoanza kupiga usiku kwenye vilio, yaani matanga, huko Kenya (mtaa wetu wa Lubumbashi, si ile nchi), sikumwambia kiongozi wa kwaya. Aliiona picha yangu kwenye simu ya mtu, chupa ya lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, miguuni pangu. Haikuwa yangu, lakini nani angeamini? Miezi 3 nilikaa kwenye viti vya nyuma. Angeipata habari hiyo kinywani mwangu, nadhani angenuna siku mbili tu. Kwa hiyo aga. Nenda kwa mtu aliyekufundisha, kaa, kunywa maji yake, mwambie unakokwenda.

Aibu ya pili, huko kwenye vilio, ndiyo iliyonifunza kazi. Karindula unaijua: banjo kubwa kupita kiasi, tumbo lake pipa la mafuta, uso wake ngozi ya mbuzi, nyuzi nne, na pembeni mtu anayeligonga lile pipa kwa vijiti. Mimi nilikuja na gitaa la umeme, spika ndogo ya betri, na programu ya simu ya kupimia sauti za nyuzi. Nikajipima kwa simu mpaka taa ikawa kijani. Wimbo wa kwanza ulikwenda vizuri. Kufika saa nane za usiku umande ulikuwa umeanguka, na kila nikipiga, watu wananigeukia. Nikapima tena. Kijani. Nikapiga. Wakageuka tena.

Mzee aliyekuwa na karindula akasimamisha wimbo, kwenye kilio cha watu, mbele ya wafiwa. "Mutoto, ingiza ile telefone mu mufuko. Angaria moto."

Akalibeba pipa lake hadi kwenye makaa, akauelekeza uso wa ngozi kwenye joto, akawa anaugonga kwa kidole na kusikiliza. Kumbe ule mti unaoinua nyuzi unakalia ngozi. Ngozi ikilowa inalegea, mti unazama, nyuzi zinashuka, na kikundi kizima kinashuka nazo bila kuambiana. Ikikaushwa, wote wanapanda. Mimi peke yangu, na taa yangu ya kijani, nilikuwa nimebaki juu kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Tangu hapo, kila kundi jipya nakwenda mara tatu mikono mitupu. Nabeba viti, nachota maji, natafuta moto wao uko wapi.

Halafu kuna vidole. Mzee yule alitumia gumba na cha shahada basi, kama mpiga gitaa Jean Bosco Mwenda, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 pale Jadotville, Likasi ya leo. Mimi nilikuwa na vidole vyote vitano na kipande cha plastiki, na sikumfikia.

Kwenye rap sitakaa sana, kijana wangu anaijua kuliko mimi. Neno moja tu, la uchungu: usitoke studio mikono mitupu. Tulirekodi nyimbo 11 kwenye chumba kilichozibwa kwa magodoro, fundi akahama mji na diski yake, nasi tukabaki na kipande kimoja kilichotumwa kwa simu. Nenda na flashi yako, na kila usiku ondoka na sauti peke yake, ngoma peke yake, besi peke yake. Akikasirika ukiomba, umeshajua.

Sasa rock. Watu wataimba wimbo kwamba si yetu. Waambie wavuke mpaka wa Kasumbalesa: miaka ya 1970 vijana wa Zambia, hadi kwenye miji ya shaba jirani zetu, walipiga rock ya magitaa yanayonguruma mpaka ikapewa jina lake, Zamrock. Lakini jiandae na uchache. Onyesho letu la kwanza lilikuwa na watu 14, nikihesabu na wawili waliokuja kuchaji simu kwenye jenereta yetu. Hatukuwa na seti ya ngoma, maana bei yake ni ya kiwanja. Nikarudi Kenya kumwomba yule mgonga pipa. Alikuja kwa sababu safari hii nilikuwa nimeaga vizuri.

Mzee mwenyewe akamfuata kwenye mazoezi, akaketi karibu na spika na kopo lake la munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Nikakanyaga kile kipedali kinachokwaruza sauti, ukuta ukatetemeka. Nilidhani atatoka. Akainama, akaweka kiganja juu ya spika, akakiacha hapo mpaka wimbo ukaisha.

"Ile njo ngozi ya mbuji gani?"