Mteja wa Siri Akichoka, Ripoti Ndiyo Husema Kwanza

Mteja wa siri ni mtu anayelipwa kuingia dukani kama mnunuzi wa kawaida, kisha kuandika ripoti ya huduma aliyopata. Katika kazi hii, kila robo mwaka inapokaribia kuisha, mambo ni yale yale. Kampuni zinazotutuma zimebaki na ziara ambazo hazijafanywa, wapangaji wa ratiba wanaongeza bonasi, na wageni wa kazi hii kuanzia Nakuru hadi Busia wanazibeba zote kwa mkupuo. Siku chache baadaye wahariri wanaokagua ripoti wanazirudisha, malipo yanashikiliwa, na kijana aliyekuwa akifanya kazi safi anasema kazi imemshinda. Wadogo zangu, haijawashinda. Mmechoka, na uchovu huu una njia zake zinazojulikana.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliueleza uchovu wa kazi katika ICD-11, orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, si kama ugonjwa bali kama hali inayotokana na msongo wa kazini uliodumu bila kushughulikiwa. Lilitaja sura tatu: nguvu kuisha, moyo kujitenga na kazi au kuidharau, na mtu kuona hafanyi tena jambo la maana. Kwa mteja wa siri zote tatu huonekana kwenye fomu. Unaacha kusoma maelekezo mapya kwa kuwa unadhani fomu ni ile ya mwezi jana. Unaingia dukani ukiwa tayari umemkasirikia mhudumu ambaye hajafungua mdomo. Halafu pale panapotakiwa sentensi tano unaandika “huduma ilikuwa nzuri” na kuendelea.

1. Msipange matawi matano ya mteja mmoja, yaani kampuni moja inayopimwa, kwa siku moja. Hili nitalikalia, kwa sababu ndilo linaloharibu watu wengi.

Hesabu huonekana tamu: Kisumu asubuhi, Kakamega, Mumias, Bungoma, umalizie Busia, nauli moja ya mzunguko badala ya safari tano. Tuseme ni maduka ya simu. Kila tawi lina sare ile ile, rangi zile zile ukutani, mashine ile ile ya namba za foleni. Kila mahali unatakiwa kunasa jina kwenye beji, saa uliyochukua namba, saa uliyoitwa, kama uliulizwa unataka simu ya kazi gani, kama ulionyeshwa zaidi ya aina moja, kama dhamana ilielezwa bila wewe kuuliza, na maneno ya kuaga. Matatu ya Mumias inangoja ijae, mvua ya alasiri inakukuta Bungoma, unaingia Busia wanakaribia kufunga. Usiku unafungua fomu ya kwanza ukiwa na nyuso tano zilizochanganyika.

Hapo ndipo kunakili kunapoanza. Maelezo ya Kisumu yanabandikwa Kakamega, unabadilisha jina na saa. Muda wa kungoja unakuwa dakika 5, 10, 10, 15, 10. Mhariri anayesoma ripoti hizi kila siku anaziona namba hizi za kukadiria kabla hajafika aya ya pili. Picha yako ya mbele ya duka inaonyesha saa nane na robo, fomu inasema ulitoka saa nane kamili. Meneja wa tawi akipinga alama, wataangalia kamera na kumbukumbu za foleni, na wewe huna cha kuonyesha. Kampuni nyingi hufunga akaunti kwa ripoti za kunakili, na ziara zote za mzunguko ule zinaweza kukosa malipo, hata ile ya asubuhi uliyoifanya vizuri.

Lakini hasara kubwa si yako. Msichana wa Mumias aliyesimama, akakusalimu, akakuonyesha simu tatu na kukueleza dhamana, amepewa alama za yule wa Bungoma aliyekuwa akichati. Jina lake limo kwenye ripoti. Ataitwa ajieleze, marupurupu yake ya mwezi yanaweza kukatwa, na hawezi kujitetea kwa sababu hajui ni mteja yupi aliyemwandika. Kazi yetu ina thamani pale tu mtu huyu anapotendewa haki. Ukichoka kiasi cha kutomtofautisha na mwenzake, huna ruhusa ya kumpima.

Kwa hivyo: matawi yasizidi matatu ya mteja mmoja kwa siku. Ukitoka, tembea hadi usionekane na tawi, kisha jirekodi kwa simu, jina la tawi likitangulia: saa ya kuingia, ya kuhudumiwa, ya kutoka, jina la mhudumu, kimo na nywele, na sentensi moja aliyoitamka kama alivyoitamka. Jaza sehemu za nyakati na majina kabla ya kupanda gari lingine. Ukishindwa kufanya hivyo ndani ya saa moja, tawi linalofuata lingoje kesho. Na kabla ya kukubali bonasi, toa nauli, chakula na bando, kisha gawanya kilichobaki kwa saa zote, zikiwemo za kuandika. Mizunguko mingi mirefu hufa kwenye hesabu hiyo.

2. Ziara hazina uzito sawa. Kukaa mbele ya afisa wa mikopo nusu saa ukishikilia biashara ya kubuni, mtaji wa kubuni na sababu ya kubuni kunachosha kuliko keshia wanne wa supamaketi. Nzito moja kwa siku inatosha, na isiwe ya mwisho.

3. Ziara mbili za chakula, zile za kula mgahawani ili kupima huduma, siku moja, hapana.

4. Mapumziko yanapangwa, hayaangukiwi. Kukubali kazi kisha kuifuta dakika za mwisho kunakushushia alama kwa mpangaji kuliko kusema mapema kwamba haupo. Maliza ripoti zilizo mkononi, ngoja maswali ya wahariri yaishe, kisha mwandikie mpangaji tarehe ya kuondoka na ya kurudi. Zima arifa za kazi mpya kwenye programu zote, maana bonasi ya saa tatu usiku ndiyo huvunja mapumziko ya watu. Risiti na picha usizifute hadi malipo yaingie.

Kuhusu pesa, wengi hukosea mwezi. Kampuni nyingi hulipa kati ya siku 30 na 60 baada ya ripoti kukubaliwa, na pesa ulizotanguliza kwa manunuzi hurudi pamoja na malipo hayo. Ukipumzika Julai, malipo ya Mei na Juni bado yanaingia, unajiona uko salama. Pengo linafika Agosti na Septemba, wakati umesharudi na unahitaji pesa za kutanguliza kwenye ziara mpya. Tenga kando fedha hizo za manunuzi kabla ya kupumzika, na usizihesabu kama akiba ya nyumbani.

Na mkipumzika, pumzikeni kweli. Mtu anayesoma beji ya keshia akimnunulia mama unga bado yuko kazini. Kwa wiki nzima kaeni mbali na maduka mnayoyapima. Nendeni soko la Kibuye, Kisumu, ongeeni na mama wa omena kuhusu bei, bila saa na bila fomu. Wiki moja humtosha aliyechoka mwili. Aliyefika hatua ya kuwachukia wahudumu anahitaji mwezi, na ikiwa usingizi na hamu ya chakula vimepotea pia, amwone daktari au mshauri.

Siku ya kurudi chukua ziara moja nyepesi, karibu na nyumbani, kwa mteja unayemjua. Soma maelekezo yote tena kuanzia mstari wa kwanza, kwa sababu fomu hubadilishwa katikati ya mwaka, na swali lililoongezwa ukiwa likizo ndilo mhariri atakalolikagua kwanza.