Mwenzangu alinishikia taa miaka mitatu

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba anatengeneza mchezo wa video wa watu wawili akisaidiwa na rafiki yake, na kwamba msambazaji fulani yuko tayari kuwapa fedha kwa sharti moja tu: mchezo huo uweze kuchezwa na mtu akiwa peke yake. Aliuliza kama akubali. Nilikusudia kumjibu kwa mistari mitatu, lakini swali lake lilinitonesha kidonda nilichodhani kimekwisha kupona, na mistari ikageuka kurasa.

Jibu langu ni kwamba asikubali. Hata hivyo, kabla hajamkatalia msambazaji huyo, kuna jambo anapaswa kulijua kuhusu mchezo wake mwenyewe, na mimi nililijua nikiwa nimechelewa.

Studio yetu ilikuwa ya watu wawili. Mimi niliandika programu na kubuni hatua za mchezo. Mwenzangu alichora, akatengeneza sauti, na kufanya kila kazi ambayo mimi sikuitaka. Mchezo wetu ulihusu wachimbaji wawili waliofukiwa ndani ya mgodi, mmoja akiwa na sururu na mwingine akiwa na taa. Mwenye sururu alivunja mawe, akaruka mashimo, akapanda kamba na kupambana na popo. Mwenye taa alimulika. Nilikuwa nikimweleza kila aliyetaka kusikia kwamba huo ndio ushirikiano wa kweli, kwa kuwa asiye na taa haoni na asiye na sururu hapiti. Kwenye skrini ya kwanza tuliandika methali isemayo kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwaka wa pili ulikwenda wote katika kurekebisha hitilafu, na hauna la kusimulia. Ninachokumbuka vizuri ni jioni. Kila jioni tuliketi kuujaribu mchezo, na kila jioni mimi nilishika kidhibiti cha mwenye sururu, naye akashika cha mwenye taa. Hatukuwahi kukubaliana iwe hivyo. Ilikuwa hivyo tangu siku ya kwanza, na mimi sikuona ajabu yoyote.

Kisha akaja msambazaji, ambaye sitamtaja, na sharti lilelile. Nilikubali bila kumshauri mwenzangu, nikajifungia kuandika programu ya kuiongoza taa pale mchezaji anapokuwa peke yake. Nilimaliza kwa siku tisa. Taa ilimfuata mwenye sururu, ikamulika mbele yake, ikageukia popo walipotokea, na kusema kweli ilifanya kazi hiyo vizuri kuliko binadamu. Nilimwita mwenzangu aje aone, huku nimejawa na furaha. Alitazama kwa muda mrefu bila kusema neno, kisha akasema: "Kumbe miaka mitatu nimekushikia taa, ndugu yangu, na kazi yenyewe ni ya siku tisa."

Baada ya miezi miwili aliondoka. Mchezo ulitoka, ukanunuliwa na watu wachache, na wengi wao waliucheza peke yao. Bado nasema mwanga wa taa ile ulikuwa mzuri kuliko wa michezo mingi iliyotengenezwa kwa fedha nyingi, lakini aliyeuchora ni yeye.

Katika miezi ya upweke iliyofuata nilianza kuichunguza historia ya Hazelight, studio ya Stockholm ambayo haitengenezi chochote isipokuwa michezo ya kushirikiana, nikitafuta mahali tulipopotea njia. Mwanzilishi wake, Josef Fares, alizaliwa Beirut, akahamia Uswidi akiwa mtoto wakati wa vita vya Lebanoni, na alikuwa mwongozaji wa filamu kabla ya kuingia katika michezo ya video. Wengi wanamkumbuka kwa jinsi alivyozitukana tuzo za Oscar jukwaani katika The Game Awards, hafla ya tuzo za michezo ya video, mwezi Desemba 2017, matangazo yakiwa mubashara, na wengine wakaiga matusi hayo wakidhani ndiyo siri ya mafanikio. Mimi ningewashauri watazame vidole gumba.

Mchezo wake wa kwanza, Brothers: A Tale of Two Sons, aliutengeneza mwaka 2013 akiwa na studio ya Starbreeze, kabla Hazelight haijakuwapo. Huo ni mchezo wa mtu mmoja, lakini mtu huyo anawaongoza ndugu wawili kwa wakati mmoja: kaka mkubwa yuko chini ya kidole gumba cha kushoto, mdogo chini ya cha kulia. Dakika za mwanzo akili inakataa, na vidole vinagombana. Kisha mikono inazoea, hata unaanza kuhisi kwamba kila mkono una ndugu yake. Sitawaharibia mwisho wale ambao hawajaucheza. Nasema tu kwamba inafika wakati mkono mmoja unabaki bila kazi, na ukimya wa mkono huo unauma kuliko maneno yoyote ambayo mwandishi angeweza kuyaandika. Mtu aliyeweza kuufanya mkono mtupu uhuzunishe hawezi kumpa mchezaji wa pili kazi ya kushika taa.

Hazelight ilianzishwa mwaka 2014. Mwaka 2018 ilitoa A Way Out, mchezo wa wafungwa wawili wanaotoroka jela, ambao hauwezi kuanza bila wachezaji wawili. Si kwamba hauna dosari. Kuna sehemu nyingi ambapo mmoja anampandisha mwenzake ukutani kisha anavutwa juu, na hilo lilinichosha. Lakini kuna sehemu moja gerezani niliyoirudia mara nyingi. Wafungwa hao wako katika vyumba vilivyopakana, na wana kifaa kimoja cha kubomolea. Mmoja anafanya kazi ya ukutani huku mwingine akimchungulia askari. Nilipofika hapo nilisema huyu naye ni mshika taa, kumbe sivyo, kwa sababu kifaa kile kinahamia chumba cha pili, na aliyekuwa mlinzi anakuwa mbomoaji. Zamu ilikuwa imejengwa ndani ya mchezo. Sisi hatukuwa na zamu.

Mchezo wao uliofuata, It Takes Two, ulipotoka mwezi Machi 2021, hata zamu haikuhitajika tena. Wahusika wake ni mume na mke, Cody na May, na katika hatua za mwanzo Cody anapewa misumari, na May anapewa kichwa cha nyundo. Cody anarusha msumari ukutani, May anauning'inia kwa nyundo yake na kuvuka. Baadaye mmoja anarusha utomvu unaolipuka, na mwingine anarusha viberiti vya kuulipua. Vifaa hivyo hubadilika kila sura, na sikupata mahali ambapo ningeweza kumtambua msaidizi na anayesaidiwa. Kama mhandisi nilijiuliza ingenichukua muda gani kuandika programu ya kuchukua nafasi ya May, na nikaona kwamba hata kama ningeweza, mchezo ungebaki maganda matupu. Mwezi Desemba mwaka huohuo ulitwaa tuzo ya mchezo bora wa mwaka katika The Game Awards, na kufikia mwaka 2024 nakala zake zilizouzwa zilikuwa zimetimia milioni 20, bila kuwa na njia ya kuuchezea peke yako.

Basi, ndugu msomaji, sharti la msambazaji wako lichukue kama kipimo. Chukua karatasi ukadirie, kwa uaminifu, ingekuchukua siku ngapi kumtengeneza mchezaji wa pili wa kompyuta. Ukiona ni wiki moja au mbili, usimkasirikie msambazaji, kwa sababu ameuona mchezo wako vizuri kuliko wewe. Rudi ukaubomoe. Ukiona ni kazi ya mwaka mzima, na kwamba hata ikikamilika mchezo utakuwa umepoteza roho, hapo kataa bila kutetemeka.

Badilishaneni vidhibiti. Nalisema hili nikijua linaonekana dogo. Badilishaneni kila jioni, na ukiwa kwenye kiti cha pili hesabu ni mara ngapi katika dakika kumi umeamua jambo wewe mwenyewe. Mimi ningekaa kwenye kiti hicho jioni moja tu katika mwaka wa kwanza, ningejua yote. Badilishaneni tena mnapodhani mmeshamaliza, maana hatua mpya huzaliwa na upendeleo uleule wa mbunifu wake.

Mfikirie pia mtu wa pili kabla hajaketi. Tangu A Way Out, Hazelight imekuwa na utaratibu wa kumruhusu aliyenunua mchezo amwalike rafiki yake acheze naye bure hadi mwisho. Nilipomsikia mtengenezaji mmoja akisema huko ni kugawa nusu ya mauzo, nilicheka, kwa kuwa niliwahi kusema maneno hayohayo. Mchezo wao Split Fiction uliotoka mwezi Machi 2025 ulitumia utaratibu huo na kuuza nakala milioni 2 katika wiki yake ya kwanza. Mtu wa pili anayetozwa kiingilio kwa kitu asichokiomba huwa haji, na asipokuja, wa kwanza hanunui.

Badilishaneni na katika studio. Nani anajibu barua za wasambazaji, nani anasimama mbele ya watu kuueleza mchezo, jina la nani linatangulia? Mwenzangu hakuwahi kulalamika, nami nikauchukua ukimya wake kuwa ni ridhaa. Miezi michache iliyopita nilimwandikia kumwomba radhi. Alinijibu kwa adabu, akanitakia heri, na akaniambia ameanza mchezo mwingine na mtu mwingine. Sikumuuliza ni wa namna gani.

Nimeusoma ujumbe wako tena kabla ya kuchapisha haya. Umeandika "mchezo wangu" mara sita, na jina la rafiki yako sikuliona hata mara moja. Nitumieni toleo la majaribio, ninyi wawili. Mwambie yeye ashike kidhibiti cha kwanza. Mimi nitashika cha pili.