Koili ya shaba imeota ukijani, usiizamishe kwanza

Mdogo wangu wa Masasi, umeuliza kuhusu hiyo koili, yaani bomba la shaba la kuzungushwa unalozamisha kupozea maji ya kimea ya moto ya pombe kabla ya kutia hamira: ule ukijani ni kutu ya shaba na ni sumu, ikiyeyukia kwenye pombe utatapika na tumbo litakukata. Loweka kwenye siki au ndimu na chumvi kidogo, sugua na kitambaa, suuza sana, kausha kabisa ndo uhifadhi. Jiki usiguse, inakula shaba na kuifanya nyeusi. Ikiwa imefifia kahawia tu haina neno, sio lazima ing'ae kama bangili ya bi harusi.

Ila kwa mabibo unayosema msimu ukianza utajaribu, hapo tofauti, juisi yake ina asidi, usiilaze kwenye shaba, na ikishaanza kuchacha ndo kabisaa, weka ndoo ya plastiki ya chakula au stenlesi.

Halafu eti koili umeichomoa kwenye friji bovu? Hapo mi nakataa. Ndani kuna oili ya kompresa, na kwenye maungio hujui fundi alitumia lehemu gani, ikiwa ya risasi hakuna ndimu itakayoitoa. Nunua bomba jipya la shaba, mafundi friji wanajua linapouzwa.