Kombora lililoruka kimakosa

Ndugu, unauliza kama kombora linaweza kufyatuka kimakosa kati ya India na Pakistan. Lilishafyatuka! Machi 9, 2022 kombora la India aina ya BrahMos lilivuka mpaka likaangukia Mian Channu, Punjab ya Pakistan, likaharibu mali za raia. Halikuwa na kilipuzi, hakufa mtu, tumshukuru Mungu. Linalonitisha ni mwendo wake: karibu mara tatu ya kasi ya sauti, dakika chache tu za kuamua kama umeshambuliwa, na wote wawili wana nyuklia. India ilikiri siku mbili baadaye, na Agosti ikawafukuza maofisa watatu wa jeshi la anga. Lakini pengo kubwa lilitakiwa kuzibwa zamani: makubaliano yao ya 2005 ya kujulishana majaribio yanahusu makombora ya balistiki pekee, yaani yale yanayorushwa juu sana kisha yakaanguka kuelekea shabaha; BrahMos haimo, kwa kuwa ni kombora la cruise, linalosukumwa na injini njia nzima kama ndege.