Maswali ya Wasomaji: Makubadhi, Ndara na Miguu ya Likizo

Kaskazi imeanza, boti zinajaa, na barua nyingi za mwezi huu zinahusu miguu. Tumechagua sita.

Assalaam alaykum. Naja Unguja kwa siku sita na wanangu wawili, tukitokea Dodoma. Nataka kuvaa makubadhi tu, asubuhi hadi usiku, nisibebe raba. Mara iliyopita nilifanya hivyo, na siku ya pili nikawa nachechemea: lengelenge kati ya kidole gumba na cha pili, na lingine kisiginoni. Nilikosea wapi? (Mama wa wawili, Dodoma)

Waalaykum salaam, dada. Malengelenge yako yanajieleza yenyewe. Lile la kati ya vidole linatokana na gidamu ngumu, au kiatu kilichokuzidi: mguu unateleza mbele kila hatua, na gidamu ndiyo inayokuwa breki. La kisiginoni linatokana na mkanda wa nyuma uliolegea, ukawa unapanda na kushuka. Vyote hivi hutazamwa dukani kabla ya kulipa.

Nunua jioni. Kwenye joto mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyosonga, na kiatu kilichokaa vizuri saa 2 asubuhi hubana baada ya alasiri. Simama, usikae. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya karibu sentimita 1, nyuma ya kisigino nusu ya hapo. Mkanda wa juu ya mguu upitishe kidole chako kimoja kwa shida. Vikipita viwili umelegea. Kisha kishike kiatu mkononi ukikunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kinachokunjika katikati kama daftari hakitabeba unyayo wako kutoka Forodhani hadi Darajani na kurudi, hata kiwe na shanga nzuri namna gani. Mwisho bonyeza soli ya kisigino kwa dole gumba. Ikizama yote ukagusa upande wa pili, hiyo ni ya bafuni.

Kwa matembezi ya siku nzima, kiatu kiwe na mkanda unaoshika kisigino. Ndara na makubadhi ya wazi nyuma hukulazimisha kukunja vidole ili kisikuvuke. Hulioni hilo, lakini unalifanya maelfu ya mara kwa siku, na usiku unashangaa kwa nini unyayo na muundi vinauma. Tunayapenda makubadhi ya ngozi, na jioni barazani hayana mfano. Ila soli yake ya ngozi laini huteleza kwenye mawe ya vichochoro vya Mji Mkongwe mvua ikinyesha. Ukiyapenda sana, mpe fundi akubandikie mpira wenye mistari chini.

Kuyazoeza anza siku 10 kabla ya safari. Siku mbili za kwanza vaa nusu saa ndani ya nyumba, kisha saa moja, kisha saa mbili za kutembea nje, mpaka ufike nusu siku. Gidamu ngumu ya ngozi isugue kwa mafuta kidogo sana, uikunje huku na huku kwa vidole mpaka ilegee. Usiroweke kiatu kizima kwenye maji kama wanavyoshauri wengine. Ngozi itatanuka, na ikikauka itakuwa ngumu kuliko mwanzo.

Sasa unyevu, ambao watu huusahau. Ngozi iliyolowa hulainika na kuchubuka upesi. Mguu wa likizo hulowa kwa jasho, kwa bahari, na kwa udhu mara tano kwa siku, halafu unaingizwa kwenye mkanda ungali unachuruzika. Beba kitambaa kidogo cha pamba, kausha kati ya vidole, futa na mkanda. Ndiyo maana jozi moja haitoshi: vaa moja hadi adhuhuri, nyingine mchana, zisiwe na mikanda inayopita mahali pamoja. Jozi ya pili haina uzito wa kukufanya uiache.

Ukihisi mahali panachoma, simama hapo hapo ubandike plasta, usingoje mpaka hotelini. Dakika kumi za subira ndizo zinazogeuza wekundu kuwa lengelenge. Lengelenge dogo lisiguswe, lifunikwe tu. Kubwa, linalouma kila hatua, osha kwa sabuni, toboa pembeni kwa sindano iliyofutwa kwa spiriti, kamua maji taratibu, na ngozi ya juu uiache mahali pake, kwani ndiyo bendeji yako. Likitoa usaha, au wekundu ukianza kupanda mguuni, nenda hospitali.

Na watoto wako, pamoja na wewe: mgongo wa mguu huungua jua haraka kwa sababu unalitazama moja kwa moja. Paka krimu ya kuzuia jua ya kipimo cha 30 au zaidi, ngoja robo saa ikauke ndipo uvae kiatu, rudia kila baada ya saa mbili na kila mkitoka majini. Ukivaa krimu ikiwa bado mbichi, mchanga hunasa chini ya mkanda, na hapo umejifunga msasa.

Shikamooni. Nina umri wa miaka 63 na kisukari cha muda mrefu. Wanangu wanataka kunipeleka Pemba mwezi mzima, na wamesema nivae ndara kwa sababu ya joto. Ni sawa? (Mzee wa Korogwe)

Marahaba hatuwezi kuitikia, mzee wetu. Shikamoo ni yako. Ndara usivae. Kisukari cha muda mrefu hupunguza hisia za nyayo, na gidamu inaweza kukuchuna usijue mpaka kidonda kimeshaingia. Tafuta sandali iliyofungwa mbele, yenye mikanda mipana ya velkro inayolegezwa mguu ukivimba, na tandiko laini ndani lisilo na mshono unaojitokeza. Kabla ya kuvaa ingiza mkono ndani upapase: kijiwe kidogo kinatosha kuleta kidonda.

Peku usitembee hata chumbani, wala ufukweni, wala kwenye lami ya mchana. Kila usiku keti penye mwanga utazame nyayo kwa kioo, au mwombe mjukuu akutazamie, na kati ya vidole pia. Maji ya kuoshea miguu yapime kwa kiwiko, maana unyayo unaweza kukudanganya. Mafuta paka juu na chini ya mguu, kati ya vidole pabaki pakavu. Mchubuko wowote usioanza kupona kwa siku mbili uonwe na daktari, hata kama hauumi. Kwa hali yako, kutouma si dalili ya heri.

Pemba ni kisiwa cha vilima, na udongo wake mwekundu ukilowa ni sabuni. Soli iwe na meno ya kina cha milimita 3 au zaidi.

Tukiwa Paje tunataka kutembea maji yakipwa mpaka karibu na mwamba. Ndara zinatosha? (Vijana wanne, Morogoro)

Hazitoshi. Ndara hunaswa na matope, hukuvuka, na ukiinama kuitafuta umeshakanyaga kitu kingine. Vaeni kiatu cha majini kilichofungwa pande zote chenye soli ngumu, au sandali ya mpira yenye mkanda wa nyuma na soli ya angalau sentimita 2. Raba kuukuu ni nzuri kuliko zote na hazigharimu kitu.

Hatari zenyewe ni hizi. Jiwe la matumbawe hukata kama kioo, na vipande vyake hubaki ndani ya kidonda. Osheni kwa maji safi mengi na sabuni, toeni kila chembe, na mkumbuke chanjo ya pepopunda: kwa kidonda kichafu, kama chanjo ya mwisho ina zaidi ya miaka 5, muulizeni mhudumu wa afya. Halafu kuna yule kiumbe wa duara mwenye miiba mirefu myeusi, anayejibanza penye mawe na majani. Miiba yake hupenya mpira mwembamba. Ikiingia, toeni kwa kibano ile inayoonekana tu bila kuivunja, kisha loweka mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, yasiyozidi nyuzi 45 za Selsiasi, kwa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenzako asiyeumia ndiye ayapime. Utomvu wa papai ambao watu hupakana ufukweni huwasha ngozi za wengine vibaya. Mwiba ulioingia karibu na kiungo ni kazi ya hospitali.

Maji hayo hayo ya moto ndiyo huduma ya kwanza kwa mtu aliyekanyaga samaki anayefanana na jiwe, ila huyo apelekwe hospitali bila kungoja. Maumivu yake hayana mfano na sumu ni kali. Tembeeni kwa kuburuta miguu mchangani, si kwa kuinua na kukanyaga, ili samaki kama taa waliojificha chini wasikie na kuhama.

Kuhusu wakati: bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na tofauti ya maji hukaribia mita 4. Siku hizo maji hupwa sana kuanzia kama saa 4 asubuhi, kwa hiyo mtakuwa nje jua likiwa kali, krimu isisahaulike. Tokeni saa moja na nusu kabla ya maji kufika mwisho wa kupwa, na yakigeuka nanyi mgeuke. Hujaza mikondo kwanza, mkajikuta mlipo pakavu na nyuma yenu pameshajaa. Muulizeni mwenyeji kabla ya kuondoka. Na mashamba ya mwani, yaliyoanza pwani hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, yazungukeni. Vijiti vyake vimechongoka, kamba hunasa miguu, na ni riziki ya watu.

Nimerudi kutoka ufukweni wiki mbili sasa. Unyayoni nina mstari mwekundu unaojipinda kama njia ya nyoka, unawasha usiku hadi silali, na kila siku unasogea. Ni fangasi? (Binti wa Temeke)

Fangasi hazisogei hivyo, mdogo wetu. Dalili zako zinafanana na viluwiluwi vya minyoo ya safura ya mbwa na paka. Mnyama hujisaidia mchangani, mayai huanguliwa penye kivuli na unyevu, na kiluwiluwi hupenya ngozi ya anayetembea peku au anayelala bila kitandiko. Kwa binadamu hushindwa kwenda ndani, hubaki kutambaa chini ya ngozi. Mwisho hufa chenyewe, ila baada ya wiki nyingi za kujikuna. Nenda kituo cha afya. Dawa za kumeza zinazotumika ni albendazole au ivermectin, na mhudumu ndiye atakayepanga kipimo, hasa kama una mimba. Usichome kwa barafu wala makaa. Kiluwiluwi hutangulia mbele ya mstari unaouona, kwa hiyo utaunguza ngozi iliyo tupu.

Safari ijayo vaa ndara mpaka ukingo wa maji. Mchanga unaooshwa na bahari kila siku una hatari ndogo kuliko ule mkavu wa chini ya minazi na viti.

Sandali zangu za bei kubwa niliziweka kabatini miaka minne. Nimezitoa kwa safari, soli imevunjika kama biskuti. Nimeuziwa bandia? Na gidamu ya ndara ikichomoka njiani nifanyeje? (Mteja wa Wete)

Si lazima ziwe bandia. Soli nyingi nyepesi za poliyurithani huliwa polepole na unyevu wa hewa, na hewa ya visiwani unaijua. Kiatu kinachovaliwa huonyesha nyufa mapema. Kinachofichwa kwenye mfuko wa plastiki hukushtukiza siku ya safari. Jaribu nyumbani wiki mbili kabla. Gundi haitashika soli iliyooza. Fundi akate yote aweke ya mpira. Ndara na sandali za povu jepesi nazo usizianike juani wala kuziacha kwenye gari lililofungwa. Husinyaa, na kesho yake zimekuwa za mtoto. Suuza chumvi kwa maji baridi, kausha kivulini.

Gidamu ikichomoka: kata duara kutoka kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki, toboa katikati, pasua ufa kutoka pembeni hadi kwenye tundu. Vuta kitasa cha gidamu kitokeze chini ya soli, chomeka duara kati ya kitasa na soli. Itakufikisha kwa fundi. Gidamu ya ngozi iliyokatika haina njia ya mkato: fundi afungue tabaka za soli kama sentimita 4, aingize ngozi mpya, apake gundi pande zote mbili, angoje kama dakika 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo agandamize na kushona kwa uzi wa nailoni. Ukimwona anabandika gundi ikiwa mbichi, mwambie asubiri.

Naweza kukodi Vespa nikiwa na ndara? (Mgeni, Nungwi)

Usifanye hivyo. Ndara huteleza kwenye breki ya mguu na hukuvuka ukitua mguu chini, na ekzosi ya moto iko karibu na kifundo. Vaa kiatu kilichofungwa, ndara ziweke chini ya kiti uzivae ukifika.