Mtoto kushtukashtuka usingizini

Dada wa Makorora, umesema mwanao wa mwaka na nusu ana homa siku ya tatu, vipele mdomoni na viganjani, na akilala anashtuka mikono inaruka kama kaangushwa, unauliza ungoje Jumatatu. Usingoje mamangu, nenda hospitali ya Bombo hapo Tanga sasa hivi. Hii inaelekea kuwa ugonjwa wa mikono, miguu na mdomo, unaoletwa na kirusi. Vipele vyenyewe huisha siku 7 hadi 10, ila huko kushtuka, kutapika, kulegea au kuyumba akitembea ni dalili kirusi kinagusa ubongo, hasa kile cha EV-A71 (enterovirus A71, aina kali ya virusi vya ugonjwa huu), na moyo na mapafu vinaweza kufuata haraka. Mrekodi kwa simu daktari aone. Kipimo ni PCR, yaani maabara kutafuta vinasaba vya kirusi kwenye sampuli ya koo au kinyesi, lakini uangalizi haungoji majibu. Antibayotiki haiui kirusi, aspirini usimpe kabisa. Akiwa macho mpe maji ya baridi kwa kijiko, uji wa moto unamchoma vidonda.